Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: huyu mgonjwa mwenye waya kichwani ni wa nani?

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia hospitali za rufaa, huduma za afya ya akili na rufaa za wagonjwa kwenda nje ya nchi

Kutoka: Dada wa mgonjwa, Moshi

YAH: WAGONJWA WALIOPANDIKIZIWA KIFAA CHA UMEME KWENYE UBONGO NA KUACHWA BILA MSIMAMIZI

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika hadharani maana njia ya ofisini imegoma. Barua tulipeleka kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo hapa mezani, majibu hakuna. Tukienda kuulizia tunaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina, mara hili ni la huko juu, tukienda juu wanasema rudini mlikoanzia. Hospitali na ofisi sitazitaja majina, nia yangu si kumchafua mtu, na wahusika mkisoma hapa mtajijua.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu wa kiume ana nyaya mbili nyembamba ndani ya ubongo na kiboksi cha betri chini ya ngozi kifuani, alipandikiziwa India kwa ajili ya ugonjwa wa akili unaoitwa OCD, ule wa mawazo na vitendo vya kujirudia rudia mtu asivyoweza kuvizuia, na kifaa kinamsaidia, narudia, KINAMSAIDIA. Sasa betri inaelekea kuisha, umeme wenyewe unahitaji kurekebishwa mara kwa mara na mtaalamu, na tangu arudi nyumbani hatujapata daktari wala ofisi hata moja ya kusema huyu ni mgonjwa wetu. Tunapigwa danadana tu.

Ambao hamjaukuta ugonjwa huu majumbani kwenu msifikiri ni mtu kupenda usafi. Mdogo wangu alikuwa fundi umeme wa majumbani, kijana wa kazi kweli kweli. Ilifika mahali ananawa mikono kwa Jik mpaka ngozi inatoka, akitaka kwenda kazini anarudi kuangalia mtungi wa gesi, anatoka, anarudi tena, saa nne asubuhi bado yuko mlangoni analia maana anajua kabisa gesi imefungwa ila kichwa hakimwachii. Akisali Baba Yetu akihisi kakosea neno moja anaanza upya mpaka usiku wa manane. Tulifanya kila ambacho familia ya huku inafanya, mikesha ya maombi, kikombe cha Loliondo mwaka 2011, na majirani nao kila mmoja na lake, mapepo, mara karogwa na baba mdogo kwa sababu ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Baadaye ndio tukafika kwa daktari bingwa wa akili, akapewa fluoksetini, akapewa klomipramini mpaka dozi za juu, dawa zikipatikana tunashukuru zikikosekana tunaagiza Dar. Kuna na yale mazoezi ya kumzoesha mgonjwa kugusa anachokiogopa halafu akae na ile hofu bila kwenda kunawa, duniani kote ndiyo tiba ya kwanza pamoja na dawa, lakini wa kuyafundisha huku wanatafutwa kwa tochi.

Baada ya yote hayo ndio likaja suala la kifaa. Kwa wasiojua, madaktari wanatoboa fuvu pande mbili, wanapitisha nyaya mpaka kwenye nyuzi za ubongo zinazounganisha sehemu ya mbele na sehemu za ndani kabisa, kisha waya unapitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio unashuka mpaka kwenye betri kifuani. Betri inatuma mapigo madogo ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa sekunde, mchana na usiku. Si uchawi na si jambo la jana. Profesa Benabid na wenzake kule Grenoble, Ufaransa, walianza kutumia njia hii kwa wagonjwa wa kutetemeka mwaka 1987. Mwaka 1999 timu ya Nuttin ya Leuven, Ubelgiji, ikaandika kuhusu wagonjwa wa OCD. Mwaka 2009 Marekani wakairuhusu kwa OCD kali iliyoshindikana kwa dawa, lakini kwa kibali maalumu cha huruma kwa magonjwa ya watu wachache, ambacho hakidai ushahidi mzito kama vibali vya kawaida. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha karibu wagonjwa 6 kati ya 10 wanapata nafuu ya maana, na hiyo nafuu ya maana kwa wataalamu ni dalili kupungua kwa angalau asilimia 35, sio kupona kabisa. Mdogo wangu yuko kwenye hao 6. Ananawa kama watu wengine wanavyonawa na amerudi kushika tester na plaizi. Mama akimwona anatoka getini bila kurudi nyuma anasema asante Yesu kwa sauti.

Sasa malalamiko yetu, nayaweka kwa namba ili mkijibu mjibu kwa namba.

1. Hakuna mwenye dhamana ya mgonjwa

Hili ndilo kubwa na mengine yote yanatoka hapa. Watu wanafikiri operesheni ikiisha kazi imeisha, kumbe operesheni ni mwanzo tu. Kwenye aina ya kifaa alichowekewa kila waya una ncha nne za kutolea umeme, mtaalamu anachagua ncha ipi itumike, nguvu kiasi gani, kila pigo liwe la urefu gani, kisha anasubiri wiki kadhaa aone, anabadilisha tena, kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, na inafanywa kwa tableti maalumu ya daktari. Mgonjwa yeye ana rimoti yake ya kuwasha, kuzima na kupandisha au kushusha kidogo ndani ya kiwango alichowekewa, basi.

Miezi michache baada ya kurudi akaanza kuchangamka kupita kiasi. Halali, anaongea bila breki, akakopa hela akanunua nyaya na swichi za jumla akisema anafungua kampuni Arusha, ukimshauri anakuona adui. Kwenye karatasi tulizopewa India imeandikwa wazi kwamba umeme ukizidi mtu anaweza kuwa hivyo, ni madhara yanayojulikana, na hatua ya kwanza ni kuushusha. Tukakimbia hospitali. Daktari kijana, mstaarabu kabisa na namshukuru mpaka leo, akasema dada yangu mimi kifaa hiki nimekisoma tu vitabuni, akampa sindano ya kumtuliza akatuambia tupige India. Tukaushusha umeme wa ubongo wa binadamu sisi wenyewe, sebuleni Pasua, mtaalamu anatuelekeza kwa video ya WhatsApp na bando linakatika katika. Waheshimiwa hivi kweli hiyo ndiyo huduma?

Na barua ya rufaa, iliyosainiwa hapa hapa kwetu na watu walio chini yenu, inasema mgonjwa akirudi ataendelea na kliniki ya ufuatiliaji nchini. Ndiyo iliyofanya India wakubali, na ndiyo iliyomfanya mzee wetu auze kipande cha kihamba, na Mchaga yeyote anayesoma hapa anajua hilo si jambo dogo. Tumeitafuta kliniki hiyo. Haipo. Mtu alisaini kitu ambacho hakipo, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa.

2. Betri

OCD mara nyingi inahitaji umeme mwingi kuliko Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, kwa hiyo betri isiyochajiwa inaweza kuisha ndani ya miaka michache tu, wengine hata mapema zaidi. Ikizima ghafla ugonjwa unaweza kurudi haraka, na unarudi na sonona, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, juu yake, na mawazo ya kujiua. Hayo yameandikwa kwa wagonjwa waliozimikiwa betri, sisemi kuwatisha.

Kubadilisha betri hakuhitaji kufungua fuvu. Wanachana pale kifuani, wanatoa kiboksi cha zamani, wanaunganisha kipya, wanashona, wanapima. Watu wenye pesimeka za moyo wanabadilishiwa betri na hakuna anayeshangaa, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar inapandikiza pesimeka siku zote. Tena zipo betri za kuchaji zinazodumu miaka mingi, mgonjwa anaweka chaja juu ya ngozi, ila hapo lazima mtaalamu apange na familia kwa umeme wetu huu wa kukatika na kama mgonjwa mwenyewe ataweza kuchaji bila kukosa. Nani wa kukaa na sisi tupange? Tumeuliza bei, tumeuliza kama bima inahusika, tumeuliza kibali cha kuingiza kifaa kingepitia ofisi gani. Kila dirisha linatuelekeza dirisha lingine.

3. Usalama wake kwenye hospitali za kawaida

Aliumia mgongo akapelekwa fiziotherapia, wakawa wanataka kumwekea diathemi, ile mashine ya kupasha joto ndani ya mwili. Mtu mwenye kifaa hiki HARUHUSIWI diathemi, joto linaweza kusafiri kwenye waya likaunguza ubongo, anaweza kufa. Aliyeizuia ni mama yangu, muuza ndizi, kwa sababu alikariri karatasi ya India. Faili lake halina hata stika ya onyo. MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, nayo ina masharti yake kutegemea aina ya kifaa, na mtu anapofanyiwa upasuaji wowote timu lazima ijue, kwa sababu mashine za kukatia kwa umeme nazo zina tahadhari zake.

4. Wanaokiuza kama dawa ya kila kitu

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana msije mkadhani natetea biashara. Siku hizi kuna madalali wa matibabu wanafanya vikao kwenye hoteli za Arusha, wanaonyesha video, wanawaambia wazazi kifaa kinatibu sonona, skizofrenia, uraibu wa dawa za kulevya, hata mtoto mkorofi. Familia zinatoka pale zinapiga hesabu ya ng'ombe na viwanja.

Ukweli ni kwamba kwa sonona bado ni utafiti. Mwaka 2005 Dk. Helen Mayberg na wenzake wa Toronto waliripoti wagonjwa 6, wanne wakapata nafuu kubwa, dunia ikashangilia. Likaja jaribio kubwa Marekani, watu 90, wote wamepandikizwa ila wengine kifaa hakikuwashwa na wao hawajui, likasimamishwa kabla ya muda wake, na ripoti iliyotoka mwaka 2017 ilionyesha kwamba baada ya miezi 6 hakukuwa na tofauti ya maana kati ya waliowashiwa na wasiowashiwa. Walipoendelea kufuatiliwa miaka miwili huku wote wamewashiwa karibu nusu walipata nafuu, na Waholanzi mwaka 2016 kwa wagonjwa 25 walioanza kwa kurekebishiwa umeme taratibu waliona waliowashiwa wako vizuri zaidi. Kwa hiyo matumaini yapo, ila angalieni nafuu ilikuja kwa nani, ni kwa waliokuwa na timu ya kuwafuatilia miezi na miaka. Hicho ndicho dalali hauzi. Anauza tiketi na operesheni. Hasemi pia kwamba kutoboa fuvu kuna hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo, si mara nyingi lakini ipo, na usaha kwenye kifaa, ikitokea pengine kitolewe chote.

Kule India sheria yao ya afya ya akili ya mwaka 2017 inasema upasuaji wa ubongo kwa ajili ya ugonjwa wa akili haufanyiki mpaka mgonjwa mwenyewe aridhie na bodi iidhinishe. Mwenyewe, sio baba yake wala mchungaji wake. Hapa kwetu kabla mtu hajapanda ndege nani anakaa naye faragha kumuuliza kama anataka? Mdogo wangu alitaka, alilia akiomba. Lakini kwenye kikao kimoja Arusha nilimwona binti amekaa kimya muda wote anaongelewa na shangazi zake, na hakuna aliyemgeukia.

Najua mtakavyojibu, mengine tumeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema hatukumpandikiza sisi. Sawa, ila mlisaini kwamba mtamfuatilia, na ni Mtanzania, na akianguka hapa Moshi atakuja kwenye milango yenu sio ya India.

Mtasema ni mgonjwa mmoja. Sio mmoja. Kifaa ni kile kile kinachotumika kwa Parkinson, Marekani waliruhusu kwa kutetemeka mwaka 1997 na kwa Parkinson mwaka 2002. Na Parkinson ipo hapa hapa kwetu, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, eneo la watu zaidi ya 160,000, wakakuta wagonjwa 33 na wengi wao walikuwa hawajawahi hata kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Wenye uwezo katika hao na wa mikoa mingine wataenda nje na watarudi na waya. Kliniki moja ya kurekebisha vifaa ingehudumia wa Parkinson na wa akili kwa pamoja, mabingwa wa upasuaji wa ubongo wapo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, si kwamba tunaanza na sifuri. Na kurekebisha kwa mbali kwa intaneti kumeshaanza, Marekani waliidhinisha mfumo wa namna hiyo mwaka 2021, kwa hiyo hata mtaalamu akiwa mmoja Dar si lazima mgonjwa wa Moshi apande basi kila mara.

Mtasema hela hakuna. Hapo nitasema kitu ambacho ndugu zangu wengine hawatakipenda: kwa wagonjwa wengi wa OCD wa Kilimanjaro na Arusha hela ya umma ianzie kwenye klomipramini kutokukosekana na kufundisha manesi na wanasaikolojia yale mazoezi, sio kwenye waya. Sijaomba mnunulie watu vifaa. Naomba waliokwisha kuwekewa wasiachwe, hilo ni deni lingine kabisa.

Na kuna mkubwa mmoja alituambia hayo ni mambo ya kukata watu ubongo, yalishapigwa marufuku zamani. Mheshimiwa, naelewa hofu. Moniz wa Ureno alianza kukata nyuzi za mbele za ubongo mwaka 1935, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1949, na Marekani Freeman akawafanyia maelfu, wengi wakabaki magofu ya watu, hata Rosemary dada yake Rais Kennedy alifanyiwa mwaka 1941 akaharibika maisha yake yote. Kifaa hiki hakikati nyuzi, umeme unashushwa au unazimwa. Ila kama historia hiyo inawatisha, na inatakiwa iwatishe, basi ndiyo sababu ya nyie kusimamia kwa karibu. Wale waliumizwa na madaktari waliofanya bila kuulizwa na mtu, wakaondoka.

Hata huko kwa wakubwa wagonjwa wameshaachwa. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilipandikiza jicho la bandia kwa watu zaidi ya 350 duniani, mwaka 2020 ikaishiwa hela na watu wakabaki na mitambo machoni bila msaada. Kwetu ambako fundi, spea na mtaalamu vyote viko ng'ambo hatari hiyo ni kubwa mara nyingi zaidi, na ilitakiwa iandikwe kwenye kila barua ya rufaa.

Tunachoomba ni hiki:

a) Mtaje kwa maandishi daktari na kitengo kinachompokea mdogo wangu kama mgonjwa wao, wawasiliane na timu ya India, na mpango wa betri uwepo kabla haijazima.

b) Ianzishwe orodha ya siri ya wote nchini wenye vifaa hivi kichwani, wapewe kadi, na faili zao ziwe na onyo la diathemi na MRI.

c) Rufaa yoyote ya kwenda kupandikizwa kifaa kwa ugonjwa wa akili isisainiwe mpaka jopo la madaktari wa akili na wa ubongo limwone mgonjwa mwenyewe faragha, lithibitishe dawa na mazoezi yamejaribiwa kweli, na itajwe kliniki ILIYOPO itakayomfuatilia na nani atalipia betri.

d) Madalali wanaotangaza kifaa kwa sonona, skizofrenia na uraibu waitwe waonyeshe ushahidi na vibali vyao.

e) Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita tangu mwaka 2023, kwenye kupanga mafao yake liingizwe suala la kubadilisha betri kwa waliokwisha pandikizwa. Ni wachache, haitafilisi mfuko.

La (a) ndilo la haraka, mengine yanaweza kwenda na vikao. Rimoti ya mdogo wangu imeshaanza kuonyesha alama ya betri kuwa chini, na ameanza tena kusimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko mwezi uliopita, sijui kama ni betri au ni wasiwasi wa kuijua hiyo betri, na hakuna wa kunipimia. Tunaomba jibu la maandishi kwa anwani iliyo kwenye barua mlizogonga muhuri. Kama jibu ni hapana, semeni hapana, na msaini, ili leo hii tuanze kuchangishana kwenye grupu la ukoo tumrudishe India akiwa bado mzima.

Wenu katika kujenga taifa,

Dada wa mgonjwa
Moshi, Kilimanjaro

Nakala: familia zote za Arusha na Kilimanjaro zenye mgonjwa mwenye kifaa cha namna hii, tujitokeze.